Mwanga Unaishia Hatua Mbili

Kamera yangu ya kwanza ilinifundisha kuinamisha kichwa.
Kisanduku cha lenzi mbili zilizopandana,
nilikinunua kwa muuza mitumba wa Mtaa wa Dumbarton,
kinanuka tumbaku na kiatu kilicholowa.
Unakitundika kifuani, unachungulia kwa juu,
na dunia inakuja kinyume: basi la Partick
linarudi lilikotoka.
Watu wa Glasgow walidhani nasali,
au nimeangusha sarafu. Wakanipita taratibu.
Picha zangu za miaka ile zina kimo cha tumbo:
vifungo vya makoti, vidole vilivyoshika vidole,
kidevu cha polisi kirefu kama mnara.
Kila mtu ana heshima humo. Si mimi niliyeitoa.
Ilitoka kwenye shingo iliyoinama.

Ikaja Disemba. Saa kumi kasorobo
jua limeshafunga duka.
Nikakiuza kisanduku, nikachukua
kamera ya kuingia mfukoni, na flashi
inayolia kama mbu kabla ya kuwaka.
Hii haikutaka shingo. Ilitaka miguu.
Mwanga wake unaishia hatua mbili, zaidi kidogo;
ukisimama mbali unapiga picha ya mvua tu.
Basi nikajifunza kusogea,
kuingia ndani ya pumzi ya mtu, chipsi na siki,
na pap!
Nikawa kibaka wa nyuso.

Ndivyo nilivyomnasa Senga, muuza mapazia,
sokoni Barras, Jumamosi ya manyunyu.
Mkono umekwea usoni, pete tatu,
kinywa kiko katikati ya tusi,
na kila tone limeganda jeupe mbele yake
kama mchele uliorushwa harusini.
“Umeniachia doa la kijani jichoni,” akafoka,
“sasa nitakataje kitambaa?”
Nikamwambia kwetu husema macho hayana pazia.
“Hapa yanayo,” akajibu. “Pauni kumi na mbili kwa jozi.”

Wiki mbili baadaye nikampelekea nakala.
Akaitazama muda mrefu
kuliko nilivyomtazama yeye.
“Na Rab yuko wapi?”
Rab?
“Mume wangu. Alikuwa nyuma yangu, kashika ngazi.
Miaka thelathini na moja yuko nyuma yangu, kashika ngazi.”
Nikaangalia. Nyuma ya Senga palijaa wino.
Flashi ilikuwa imeshakata shauri:
asiyefikiwa na mwanga na lake halipo.

Nami nilikuwa nikijivunia weusi ule.
Nikiuita mtindo wangu.
Kumbe ni nguvu ya betri nne.

Siku hizi flashi ikishazima
naiacha kamera ifumbue jicho kidogo zaidi,
robo ya sekunde,
ili taa za duka la samaki na waliosimama nyuma
waingie kwa miguu yao.
Wanaingia wamevurugika. Mkono wangu hutetemeka,
taa zinachora nyuzi, na mhariri mmoja
ameniuliza kama ninakunywa.

Mwezi wa pili nilirudi Barras, nikaegemea nguzo.
Senga hakufunika uso.
Nyuma yake, kati ya mapazia ya maua,
kuna ukungu wenye rangi ya koti la kahawia,
na ngazi, imetulia, inaonekana kila kipago.
“Ndiye,” akasema Senga. “Hajawahi kutulia.”
Akachukua nakala mbili.
Akalipa moja.