Shaba, Fedha, Dhahabu

Usiku wa mwisho wa kujiandikisha.
Maktaba ya Butte, Montana, chumba cha chini,
mimi na kompyuta mbili, moja imeng'oka herufi E.
Akaingia Leland Penhallow, theluji mabegani,
kofia mkononi kama mzazi aliyeitwa shuleni.
"Wewe ndiye Danica wa bima?"
Ndiye. Keti.

Kazi yangu si kuchagua. Sheria imenifunga ulimi:
nisome swali, nieleze neno, ninyamaze.
Basi nikasoma.

Umri? Sitini na tatu.
Ibaki miwili tu, akasema, serikali inipokee ng'ambo.
Miwili hiyo ndiyo mto usio na daraja.

Wangapi nyumbani?
Mmoja. Na mbwa, kama mbwa huandikwa.
Mbwa haandikwi.

Wavuta tumbaku mara nne kwa wiki, au zaidi?
Akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Alhamisi,
Jumapili garini, baada ya ibada.
Tatu.
Sijapata kuona mtu akiokolewa na sigara asiyoivuta.

Utapata kiasi gani mwaka ujao?
Hapo akatoa daftari lililofungwa kwa mpira.
Yeye hutengeneza sauti za piano, nyumba kwa nyumba;
mwaka ambao haujazaliwa ataupimaje?
"Wamethodisti wameuza lao.
Bibi Sundqvist amefariki, mjukuu kaligeuza meza ya televisheni.
Shule ya Anaconda bado ninayo, mawili, yote mabovu."
Tukajumlisha: mia mbili na kumi,
dola mia na arobaini kwa kila moja.
Ukikadiria kidogo, utarudisha ruzuku siku ya kodi;
ukizidisha, utakamuliwa kila mwezi.
"Toa kumi," akasema. "Kila mwaka kumi hufa."
Hakufafanua: piano, au wenyewe.

Kisha skrini ikatandaza madini:
shaba, fedha, dhahabu.
Mji huu ulichimba shaba hata kilima kikawa shimo;
neno hilo halimtishi mtu hapa.
"Shaba naijua. Nyuzi za besi huvikwa shaba.
Nzito. Sauti yake huchelewa kufika."
Ndivyo ilivyo na bima yake, nilitaka kusema:
ada nyepesi, lakini dola elfu saba zikutoke kwanza
kabla haijafungua kinywa.
Nilisoma tarakimu tu. Nilizisoma polepole,
polepole kuliko inavyoruhusiwa, labda.
Fedha: ada juu kidogo,
ila kwa kipato hiki zile elfu saba zashuka, zawa mia tisa.
Dhahabu hakuitazama.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga.
Hawakuliona jedwali hili: majembe thelathini na saba,
kila moja na mpini wa masharti.

Akauliza jambo moja tu. Daktari wa mikono yumo?
Akaukunjua wa kulia, ule unaoshika ufunguo.
Vidole viwili vimekufa ganzi tangu Oktoba.
"Waya nausikia kwa sikio," akasema.
"Kwa kidole siusikii tena."
Kwenye fedha yumo. Kwenye shaba hayumo.

Nywila alikuwa ameisahau.
Tarakimu sita zikaja simuni muda wake umekwisha.
Tukaanza upya.
Saa tano na dakika arobaini na moja.
Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka.
Yeye alikuwa akiisikiliza taa ya dari.
"Inalia katikati ya noti mbili," akasema.
"Hakuna piano yenye sauti hiyo. Maskini."

Alibonyeza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.
Nambari ya uthibitisho akainakili daftarini
chini ya jina la Bibi Sundqvist.
"Nimechagua vizuri?"
Umechagua kabla ya saa sita, nikamwambia.

Nilipozima kompyuta niliona glavu kitini,
moja, ya mkono wa kulia.
Nikapanda nayo ngazi mbio.
Alama za magurudumu tu,
na baridi digrii ishirini chini ya sifuri.