Gurudumu la Kushoto

Kiti kilianza kulalamika Jumanne,
karibu na kinu cha mahindi cha Namakwekwe:
kwichi, kisha kimya, kisha kwichi,
kama panya anayejua paka amelala.
Nikakiambia, nyamaza, tufike kwanza.
Hakikunyamaza. Hakikufika.
Gurudumu dogo la mbele, la kushoto,
lililala ubavu kwenye mtaro
na gololi zikamwagika matopeni
kama mtu anayelisha kuku.

Kuloba, mtoto wa dada yangu, akazipapasa kwa vidole.
Zilikuwa saba. Akapata nne.
Akanibeba mgongoni mpaka nyumbani,
miaka kumi na minne, shingo nyembamba,
nami nahesabu pumzi zake kwenye mwinuko
nikijifanya natazama mawingu juu ya Masaba.

Siku tatu nikaishi sakafuni.
Nyumba huwa nyingine ukiitazama kutoka chini.
Mvunguni mwa kabati nilikiona kifungo cha bluu,
kile nilichodai Khainza amekipoteza
mwaka ule nilipokuwa bado nashona sare za shule,
mguu ukiikanyaga cherehani bila kuombwa.
Niliona pia mchwa wameanza kuula mguu wa meza.
Sikumwambia mtu.

Wangu, daktari aliutaja mara moja,
jina refu kama foleni ya dirisha la dawa,
kisha akalifupisha: misuli inachoka.
Inachoka! Kana kwamba imetoka kulima.
Ulianzia kwenye vidole vya miguu,
ukapanda magotini, sasa unabisha hodi kiunoni,
mgeni asiye na haraka,
amekuja na mkeka wake.

Mama Nandutu akaniletea maharage na maombi.
Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha.
Akasema, mvumilivu hula mbivu.
Nikasema, basi nichumie, mimi sifiki mtini.
Alicheka mpaka akakaa chini pamoja nami,
akaona kifungo mkononi mwangu,
asiulize.

Ijumaa Wamimbi, fundi baiskeli wa stesheni ya zamani,
alikigeuza kiti miguu juu kama mbuzi wa sikukuu.
"Kipimo hiki hatuna. Si cha hapa."
Najua si cha hapa.
Kilikatwa kwa nyonga za mtu mwingine
katika nchi yenye sakafu nyororo.
Mgongoni pamekwaruzwa kwa msumari, R na T,
na usiku mwingine namwuliza huyo R.T.:
wewe ulikwenda wapi, ukakiacha?

Wamimbi akachonga kipande cha tairi la lori,
akatia gololi za baiskeli,
akagonga, akatema mate, akagonga tena.
Nikakionea kiti wivu.
Kinavunjika mahali pamoja, panaonekana,
na kuna mtu mwenye nyundo.

"Elfu kumi na tano."
"Nane."
"Mama, tairi hili nimelinunua."
"Umeliokota. Kuloba alikuona."
Akaguna. "Kumi. Na usije kunililia hapa tena."
Moyo ukanikunjuka.
Tangu miguu igome, watu hunipunguzia bei
kabla sijafungua kinywa,
mimi niliyekuwa nikibishana mpaka muuza nyanya
anafunika meza yake na kuondoka.

Sasa kinavuta kushoto.
Nikilenga mlango wa zahanati naingia kwa muuza samaki.
Basi nalenga duka la simu, upande wa kulia,
na zahanati inakuja yenyewe.

Jana mvua ilinyesha, mtaro ukajaa.
Nikasimama ukingoni
(nasema nikasimama; ulimi haujapata habari)
nikamngoja Kuloba atoke shule.
Mfukoni nina zile gololi nne,
nimezisafisha kwa mafuta ya taa.
Sijui za nini.
Zinagongana nikipita kwenye kokoto.