Safu ya Maelezo

Mwaka wa tatu nakichapa kifungu hiki:
pampu ya kisima, kitongoji cha Nghambala.
Mwaka wa tatu kinarudi na wino mwekundu:
kisubiri.

Uwele ulinyauka, ushuru haukutimia,
hilo naliona kwenye jumla.
Posho za vikao zilipita,
madiwani wakagonga meza.

Mimi karani tu, wa Bahi; kazi yangu tarakimu.
Ila shangazi Foibe huamka saa tisa usiku,
akafukua mchanga wa korongo kwa kikombe cha bati,
kisha akakaa, akingoja maji yajikusanye
kikombe kwa kikombe.

Leo, kwenye safu ya maelezo,
nimeandika jina lake.

Mweka hazina ameshusha miwani:
"Foibe. Huu ni mradi gani?"