Mti Usiohitaji Mbegu

Alikuja Nsangwa na sanduku la chupa
na swali ambalo baba alilicheka mpaka akaketi chini:
Huu mutuba mnaupanda kwa vijiti, babu na babu,
hamjawahi kutia mbegu ardhini.
Mbona basi bado unazaa tini?
Mbona bado unamlipa nyigu?

Odile Kerbrat. Sisi tulimwita Odiiru,
maana ulimi wetu nao una mageuko yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Una macho makali, alisema,
akaniajiri kwa peremende na kalamu ya risasi:
nipasue tini kwa wembe, nihesabu.
Nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi.
Jike huingia kwa mlango mwembamba kiasi
kwamba mabawa hubaki nje, yameng'oka,
kama viatu mlangoni pa msikiti.
Huko ndani hakuna kurudi.
Anapaka chavua, anataga, anakufa,
na binti zake watatokea tundu
lililochimbwa na kaka zao wasio na mabawa,
ambao hawataliona jua.
Nikaandika: tini ya 41. Nyigu mmoja. Mabawa hakuna.

Ng'ambo ya shamba baba alikuwa akiumenya mti.
Nyundo ya mbao, ko, ko, ko,
gome likapanuka, jekundu kama njia baada ya mvua.
Mti uliobaki uchi akauvika majani ya mgomba
akaufunga taratibu, kama mgonjwa.

Makala ya kwanza ilipotoka alitusomea, akitafsiri.
Mwisho kabisa: Shukrani kwa wenyeji.
Baba akaweka nyundo chini.
"Wenyeji ndiye nani? Shamba lake liko wapi?"
Odile akakosa neno, hata la Kifaransa.

Kisha ikaja miaka ambayo mgeni huondoka usiku.
Madaftari kumi na moja, baba akayaviringisha ndani ya lubugo,
akayapandisha darini, moshi uyatunze.
Askari walipekua. Waligusa, wakaona ni sanda,
wakarudisha mikono mifukoni.

Alirudi, mvi zimemtangulia.
Kwao Montpellier walimpa meza karibu na mlango wa choo;
wanaume wawili walikuwa wamepata uprofesa
kwa swali lake. Hilo alilisema mara moja tu,
akimenya ndizi.
Mchwa walikuwa wamekula pambizo, tarakimu wakaziacha.
Makala iliyofuata ilibeba majina matatu:
Kerbrat, Ssekabembe, Nakimera.
Baba hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya jina lake
akakiacha hapo,
kama anayepima joto la mtoto.

Jibu? Alipata nusu.
Ana miaka sitini na miwili akapanda paa la kinu cha kahawa
kwa sababu kwenye mfereji wa mabati
umeota mche wa mutuba
ambao hakuna mkono uliouchomeka.
Akapiga kelele kwa Kifaransa. Wabeba magunia
wakadhani ameumwa na nyoka.
"Mti hausahau," aliniambia akishuka, goti linavuja damu,
kisha akajirekebisha, hakupenda maneno matamu:
"Hapana. Mti haujui kama mnaupanda.
Miaka yenu yote ya vijiti, kwake ni juzi."

Dada yake alipiga simu Januari.
Hakutaka maua. Alitaka nguo moja ya gome,
kwa sababu marehemu aliiandika kwa mkono wake.
Posta ya Masaka waliipima: kilo moja na robo.
Fomu ina vijisanduku.
Aina ya mzigo: nguo.
Thamani: nikapaacha wazi.
Mtengenezaji: nikaandika Ssekabembe, nikaandika mutuba,
nikaandika nyigu wa tini ya 41,
herufi zikajibana, zikapanda pambizoni.
Karani akavuta pumzi. Nyuma yangu foleni imefika mlangoni.
"Mama, andika tu wenyeji."

Nikaomba fomu ya pili.