Kipande cha Boksi

Mwaka wa kwanza walinipa meza kando ya printa
na cheo kirefu kuliko mkataba:
Afisa wa Uzoefu wa Mtumiaji.
Mzee Haroub wa fedha alikisoma mara mbili, akavua miwani.
"Mtumiaji hana uzoefu," alisema,
"ndiyo maana tunampeleka semina."
Wakacheka. Na mimi nikacheka; ndo kwanza nimeajiriwa.

Kazi yangu ilikuwa rangi.
Kitufe hiki kijani au buluu? Nembo isogee kidogo?
Mambo yakishaamuliwa, yakishajengwa, yakishalipiwa,
ndipo huitwa mimi,
kama mtia hina anayeletewa bibi harusi
siku ya tatu ya fungate.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kituoni. Kufanya nini?
Kukaa, nikasema.
Fomu ya safari haina kisanduku cha kukaa.
Nikaandika "ukaguzi".

Konde, msimu umepamba moto, magunia hadi mlangoni.
Ngwali wa mizani ana kalamu moja na kiganja cha kushoto:
uzito anauandika humo,
maana mashine humtupa nje kila dakika ya tano
na ikirudi haikumbuki kitu.
Kiganja kile ndicho kilichokuwa ghala la shirika zima.
Na juu ya skrini, kwa plasta ya kidonda,
kipande cha boksi la biskuti, kimechorwa mishale:
USIBONYEZE HAPA. HAPA MARA MBILI.
HII NYEKUNDU SI KOSA, ENDELEA.

Bi Mize Faki akasukuma gunia lake kwa goti.
Kilo thelathini na nne na nusu. Mashine haijui nusu.
"Nusu yangu inakwenda wapi?" aliuliza,
si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu,
na mwenye kitambulisho shingoni nilikuwa mimi.

Siku nne sikujibu kitu, niliandika.
Usiku, uani kwake, nilikaa nao kuchambua,
karafuu huku, makonyo huku,
na mkono ulipozoea nikafahamu kazi yangu:
maneno ya watu nayo yana makonyo,
na makonyo hayatupwi, yana bei yake.

Nilirudi Chake na kile kipande cha boksi
(Ngwali nilimwachia nakala, nimeichora kwa mkono)
nikakiweka mezani, kati ya chupa za maji.
Hakucheka mtu. Shaame, aliyeiandika programu ile,
alikishika kwa ncha za vidole.
"Mshale huu," alisema, "ni mimi."

Haikwenda mbio tangu hapo, nisikudanganyeni.
Mwaka wa pili tulikuwa wawili; bajeti ikakatwa, tukawa mmoja na nusu:
Time binti Khatib, asubuhi masijala, jioni kwangu.
Mkurugenzi alibadilishwa. Mpya alitaka takwimu.
Tukampa nusu ya Bi Mize na nusu za wenziwe,
vituo vyote, msimu mmoja, tumezijumlisha.
Alinyamaza. Akaomba chai.
Ndipo likaja agizo: kila fundi, kila mhasibu,
siku mbili kwa mwaka nyuma ya mizani.
Mzee Haroub alirudi kutoka Mkoani na wino kiganjani,
hakuuosha hadi magharibi.

Sasa tuko saba. Printa imehamishwa.
Lakini si hayo yaliyonionyesha kwamba jambo limekomaa.
Jumatatu nilichelewa kikao, nikasimama nje ya mlango, nikasikia
mtu wa ununuzi, ambaye hata jina langu halijui vizuri,
akiuliza: "Kabla hatujasaini, nani kakaa Konde?"
Sikuingia. Nilirudi mezani kwangu taratibu
kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Juzi nimepita kituoni. Mizani inajua nusu, na robo pia.
Bi Mize kaja na mjukuu; ujumbe wa malipo
bado hawezi kuusoma pekee yake,
hilo hatujaliweza.
Na pembeni ya skrini mpya Ngwali kabandika
kipande cha boksi, kidogo, mshale mmoja.

Nikavuta kiti.