Damu ya Kitovu

Theluji ya Asahikawa haipigi hodi.
Saa nane za usiku simu ya manispaa hunitoa kitandani,
napanda katapila, nausukuma mtaa mzima pembeni,
na kila niinuapo koleo la chuma nahesabu:
siku ya tisa, Shizuyo.
Siku ya kumi.
Asubuhi nanawa mikono hadi viwikoni, mara mbili,
navaa barakoa, nabonyeza kengele ya ghorofa ya sita.

Dawa ilikwisha kuufyeka uboho wako,
magugu na miche kwa pamoja.
Ndipo Daktari Kurosaki alipoleta kijifuko
kidogo kuliko pakiti ya supu.
"Hiki tu?" nikauliza.
"Hiki tu."
Damu ya kitovu cha mtoto wa kike
aliyezaliwa mahali fulani katika nchi hii;
mama yake alikubali itunzwe
kwenye baridi inayoishinda hata baridi yetu.
Jina hatuambiwi.
Haikuchukua dakika kumi.
Chumba kikanuka mahindi ya kuchemsha
(ni ile dawa ya kugandishia, muuguzi alisema)
nawe, siku nne hujatia kitu kinywani, ukauliza:
"Nani kaniletea mahindi?"
Tukacheka.
Kisha ukatapika.

Koo likachubuka, sauti ikakuhama,
ukawa unaniandikia kwenye daftari.
Nilikuja na maneno mazuri niliyoyapanga barabarani.
Ukaandika: *Usinifariji. Nikune mguu.*
Nikakukuna mguu.

Na siku ya kumi na saba, niseme sasa,
sikupanda juu.
Nilikaa garini maegeshoni saa nzima, injini ikinguruma,
mikono juu ya usukani kama mtu anayeendesha.
Nilipoingia nikasingizia theluji.
Mbingu ilikuwa nyeupe pe, haijadondosha hata chembe,
na dirisha lako lilitazama maegesho.
Ukaandika: *Pole kwa theluji.*
Daftari lile ninalo. Ukurasa ule siufungui.

Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Halafu mia moja.
Halafu, siku ya ishirini na tatu, mia tano na arobaini,
na muuguzi Kudo, asiyecheka hata kwa dawa,
akachora ua jekundu kwenye karatasi ya vipimo.

Miaka thelathini na minne, kila ulipoghairi safari
tukiwa tayari tumefika stesheni, ulisema:
"Nifanyeje? Mimi ni damu B."
Kadi mpya inasema A.
Watu wa A, kwetu husemwa, hupanga viatu mlangoni,
huweka akiba, huomba radhi hata kwa paka.
Nilikungoja ubadilike.
Siku ya kwanza nyumbani ukavua viatu:
kimoja kikaenda mashariki, kingine kikalala kifudifudi.
Nikavitazama. Sikuvigusa hadi kesho yake.

Kwenye mtoto wa kabati kuna kisanduku cha mbao,
na ndani yake kitovu chako, kikavu kama kijiti cha chai,
mama yako alichokihifadhi.
Sasa una kingine, hakiwekwi sandukuni,
kinazunguka mwilini mwako usiku ukilala.
Mwakani utachanjwa upya, surua na polio,
kama mtoto mchanga wa miaka hamsini na tisa,
nami nitakaa nje nimekushikia koti.
Mwenye damu yake huenda anajifunza kufunga vifungo.
Huenda ana hasira za haraka.

Mwezi wa nane huu. Onodera kaleta mahindi ya shambani kwake.
Nikayachemsha kupita kiasi, kwa kuogopa vijidudu,
na harufu ikakufikia kabla sijakuita.
Ukaja na kofia yako ya pamba,
ukasimama,
ukaufunga mlango wa jikoni, polepole, bila neno.

Nilikuwa nimesahau.
Nikaitoa sufuria uani,
nikala gunzi moja nimesimama,
jingine nikalishika tu mpaka likapoa.
Ukagonga kioo kutoka ndani.
Ulinyoosha kidole: shati langu,
vifungo nimevikosesha.
Hilo, nikajiambia, ni la mtu wa A.
Au ni lako tu, tangu zamani.