Chokaa Ikigeuka Zambarau

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Duluth.
Ziwa limeganda hadi upeo wa macho
na mimi niko chumba namba nne,
nimeziba mdomo wa bomba kwa dole gumba,
naukodolea macho mshale wa shinikizo.
Usiposhuka, hakuna panapovuja.
Ukishuka, natafuta.

Nusukaputi. Neno lenyewe limekatika katikati:
nusu iko nasi, nusu haipo.
Daktari ndiye amshikaye mgonjwa mkono
na kumwambia ahesabu toka kumi kurudi nyuma.
Mimi hanioni. Nimeshatoka na toroli langu,
nimeshamwaga chokaa iliyogeuka zambarau
kwa kumeza pumzi za watu wa jana.

Miaka kumi na tisa niliifanya kazi hii bila jina.
"Wewe wa mashine," aliniita Daktari Halvorsen,
si kwa ubaya, kama mtu aitavyo lifti.
Nilijua chokaa ikigeuka rangi itupwe.
Kwa nini inageuka, sikujua,
wala hakuna aliyenidai sababu.

Ndipo nikalipa ada ya mtihani,
bei ya matairi mawili ya theluji.
Duane akauliza, kijiko kikiwa hewani,
"Cheti hicho kitakuongezea nini?"
Nikasema, senti themanini kwa saa.
Ilikuwa kweli. Haikuwa jibu.

Nilisoma jikoni miezi mitano, baada ya vyombo:
sheria za gesi, moyo na vyumba vyake,
miwani ikiniteleza puani,
binti yangu akiniuliza maswali huku anapaka kucha rangi.
Mtihani nikaufanyia kwenye jengo la maduka,
kati ya daktari wa meno na ofisi ya kodi.
Kijana wa mlangoni alinigeuzia mifuko nje
kana kwamba ningeweza kuficha mapafu humo.
Nilifaulu. Si kwa kishindo. Nilifaulu.

Kadi ya chama ilikuja na jarida jembamba
ambalo, nakiri, nililiweka chooni.
Humo, mwezi wa Februari, mwanamke wa Baton Rouge,
Odile Thibodeaux, fundi kama mimi,
aliandika aya moja isiyo na madoido:
kisahani cha vali ya pumzi, kwenye mashine za aina yetu,
hupata ufa mwembamba kuliko unywele,
na majaribio ya asubuhi hayaukamati.
Kishike kwenye taa, aliandika. Kizungushe polepole.

Kesho yake nilivishika kwenye taa, kimoja kimoja.
Cha namba nne kilikuwa na ufa.

Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo habari yote.
Mzee Bjorklund alibadilishiwa nyonga,
akaamka akiilalamikia jeli ya ndimu,
akaenda zake. Jina langu halijui,
na Odile hajui lake.
Nilimwandikia. Akajibu mistari miwili:
huko kwao mvua haikatiki,
na je, nimeangalia mashine ya wodi ya wazazi?

Sikuwa nimeangalia.

Kwa hiyo, Duane, kuhusu lile swali la kijiko:
dole gumba langu huziba bomba moja tu,
na kuna madole mengine, mbali, kwenye mvua,
yaliyogusa nisichokigusa mimi.
Kila baada ya miaka miwili wananidai saa za kusoma tena.
Nanung'unika. Nalipa.

Kwenye beji, chini ya Lempi, jina la bibi yangu,
sasa kuna herufi chache, ndogo kama chungu.
Halvorsen alizisoma juzi ndani ya lifti,
akanyamaza ghorofa mbili nzima,
kisha akauliza ninaionaje ile mashine mpya.
Lifti ikafika, mlango ukafunguka.
Nikaendelea kusema.